Gari la dizeli likichoka, anza na chesisi

Ukitaka kujua mtaa wako una mafundi wangapi, egesha gari bovu nje ya nyumba. Langu ni Toyota Hilux Surf ya mwaka 1997, namba ya usajili ya B (herufi inayoonyesha lilisajiliwa zamani kiasi gani), injini 1KZ-TE. Lilipoanza kuchemsha kila likipanda mlima Kitonga, nilipata ushauri kuanzia kwa muuza vocha mpaka kwa mzee wa kanisa. Wengi walisema uza. Waliobaki waligawanyika: wengine tengeneza, wengine lichinje, uza spea, chuma kitakachobaki kipeleke kwenye mizani. Kila mmoja alikuwa na mfano wa binamu yake. Hakuna hata mmoja aliyeinama kuchungulia chini ya gari, na mimi nadhani huko ndiko jibu linakokaa.

Naishi Iringa mjini, shamba liko Kilolo. Anayeijua Kilolo mvua ikikolea hahitaji kuelezwa kwa nini sina IST, kile kigari cha mjini. Hilo gari linabeba mbolea likienda na viazi likirudi, na Jumapili linasafishwa linageuka la familia. Nasema hivi mapema kwa sababu uamuzi wa mtu anayekwenda ofisini na kurudi kwenye lami ni mwingine kabisa, na ningekuwa yeye ningeshauza zamani.

Kwa asiyeifahamu, 1KZ-TE ni injini ya silinda nne, cc 2,982, yenye tabo, kile kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini. Toyota waliifunga kwenye Surf na Prado za miaka ya 1990, kabla ya 1KD ya komoni reli (mfumo wa kunyunyizia dizeli kwa shinikizo kubwa) kuingia mwaka 2000. Ina nguvu, inavumilia kazi, na ina ugonjwa mmoja unaojulikana tangu Australia na New Zealand hadi Makambako: hedi, kile kichwa kinachofunika silinda juu ya bloku. Bloku ni ya chuma, hedi ni ya aluminiamu, na aluminiamu ikipata moto hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Injini ikichemsha vibaya, hedi inapinda au inapasuka, mara nyingi katikati ya valvu mbili au kwenye vile vyumba vidogo vilivyomo ndani ya hedi ambamo mafuta huanzia kuwaka.

Kujua kama imepasuka hakuhitaji kompyuta. Asubuhi injini ikiwa baridi, fungua mfuniko wa rejeta, jaza maji, mtu apige stata. Mapovu ya mwanzo yasikutie hofu, ni hewa iliyojificha. Yakiendelea mfululizo na juu ya maji ukanusa ekzosi, ujue moto wa silinda umepata njia ya kuingilia kwenye maji. Kisha zima, funga mfuniko, washa tena ukiwa umeshika hozi ya juu. Injini bado baridi lakini hozi imeshakuwa ngumu? Basi. Kwangu yote mawili yalijibu ndiyo. Kitu kimoja tu kilinipa moyo: oili ilikuwa bado oili, haijawa chai ya maziwa, maana yake maji hayakuwa yamefika kwenye beringi za krenki.

Fundi wangu, mtu mzima mwenye gereji Ipogolo, alisikiliza, akaweka kiganja kwenye ekzosi, akaking'oa.

“Mkuu, hedi imekwenda. Ila usinifungulishe kabla hujaamua. Nikishafungua, hili huliuzi tena. Mtu hanunui injini iliyo kwenye beseni.”

Nikamwambia tusifungue kitu. Tuliingize kwanza kwenye shimo la kukagulia.

Tulipita na nyundo ndogo na tochi ya simu, kuanzia mbele kurudi nyuma. Kwenye Surf pa kukazia macho ni pale chesisi, ile fremu ya chuma inayobeba gari zima, inapojikunja kupita juu ya difu la nyuma, kwa sababu tope linakaa hapo mwaka mzima, halafu vikalio vya springi na pale bodi inapokaa juu ya mpira. Chuma kizima ukikigonga kinaitika. Kilicholiwa hakiitiki, na wakati mwingine kinamwaga unga mwekundu machoni mwako. Tulikuta kutu kwenye mabano ya bampa la nyuma na kwenye bomba la ekzosi, na kwingine rangi ya kiwandani ilikuwa bado ipo, hata namba ya chesisi ilisomeka bila kusugua.

Hiyo ni bahati ya gari lililozeeka bara. Gari la umri uleule lililokulia Tanga au Unguja lina habari nyingine, chumvi ya bahari haina huruma. Na si pwani yetu tu. Japani kuna mikoa ya theluji, Hokkaido ikiwemo, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi, na magari ya huko hufika bandarini juu yanang'aa huku chini yameshaanza kuliwa. Ukikuta chini ya gari kuukuu pamepakwa rangi nyeusi mpyaaa, usishangilie. Gonga.

Kwa nini nang'ang'ania chesisi? Kwa sababu vingine vyote vinanunulika. Hedi ipo dukani. Injini ya mtumba ipo, giaboksi ipo, mlango na taa utavitoa kwenye Surf iliyochinjwa. Chesisi ndiyo yenye namba iliyoandikwa kwenye kadi. Ikioza, unakuwa unatengeneza gari ambalo halipo. Kama tungekuta imeoza, makala hii ingekuwa fupi sana, ningewaambia nimelichinja.

Sasa hesabu. Hizi ni bei nilizotajiwa mimi, Iringa, kwa gari hili, usizichukue kama bei za nchi nzima.

Skrepa ndiyo rahisi kueleza. Mnunuzi wa chuma chakavu alinitajia shilingi 800 kwa kilo. Surf nzima ina karibu tani mbili, lakini kioo, mpira, viti na plastiki havilipwi. Ukitoa vyote hivyo, unabaki na kitu kama kilo 1,200, yaani haifiki milioni moja. Chuma hicho kinakwenda viwandani kuyeyushwa, kinarudi kwetu kama nondo. Kwa gari lenye chesisi nzima, huko ni kutupa.

Kuchinja kunavutia kwenye karatasi. Niliandika orodha: giaboksi, difu zote mbili, tabo, pampu ya dizeli, stata, milango, taa, dashibodi, rimu. Ukijumlisha unafika milioni nane bila kutumia nguvu. Ila niliwahi kumwona jirani aliyefanya hivyo. Giaboksi na taa viliondoka wiki ya kwanza. Baada ya hapo ikawa mtu anapiga simu anataka kitasa cha mlango wa kushoto nyuma, na anataka kwa elfu kumi. Gamba lilikaa uani mpaka kuku wakalizoea. Anayechinja na kupata faida ni yule anayechinja kila siku, mwenye duka na wateja wanaomjua. Mtu wa gari moja anauza minofu na kubaki na mifupa.

Kuuza lilivyo: dalali alianza na milioni tano, akapanda mpaka tano na nusu. Swali lake la kwanza lilikuwa namba gani, A, B au C, kabla hata hajauliza injini. Gari kama langu likiwa zima huku kwetu linazungumzika kwenye milioni 11. Dalali huyohuyo alinipa na mpango wa pili: tuweke ile dawa ya kuzibia rejeta, tumwage oili nzito, mteja aje jioni injini ikiwa na moto tayari ili asione mapovu. “Likitoka hapa ni lake, kaka.” Iringa ni mji mdogo. Huyo mteja ningekutana naye sokoni, benki na msibani. Ukiacha hilo, likimfia Kitonga na watoto ndani, nani anabeba?

Kwa anayeuza, neno moja tu: maliza kuhamisha umiliki TRA kabla ya kukabidhi kadi. Kuna watu wameuza kwa mkataba wa karatasi tu, mpaka leo faini za trafiki za gari hilo zinawasoma wao.

Kutengeneza: hedi mpya, isiyo ya Toyota lakini ya kiwanda kinachoaminika, seti ya gasketi, pampu ya maji, mkanda wa taimingi, oili, kulanti (maji maalumu ya rejeta) na ufundi. Fundi alipiga milioni tatu na laki nne. Na kulikuwa na njia ya tano, injini nzima ya mtumba kutoka Dar, milioni tano kabla ya usafiri. Hiyo niliitoa mapema. Injini ya mtumba ya 1KZ inakuja na hedi ya mtumba ya 1KZ, na aliyeichemsha huko ilikotoka hakuacha barua. Halafu namba ya injini ikibadilika lazima na kadi ibadilike.

Hapa ndipo washauri wangu walipokaza: milioni tatu na laki nne kwa gari la milioni 11, si wazimu huo? Wengine wana kanuni kabisa, kwamba matengenezo yakizidi theluthi au nusu ya bei ya gari, uza. Mimi hiyo kanuni naiona inafaa kwenye nchi ambayo gari la kuziba pengo unalipata kesho kwa bei ya kawaida. Kwetu swali ni utaendesha nini baada ya hapo. Kwa tano na nusu za dalali sipati gari lolote la kupanda Kilolo. Kuagiza Japani? Juu ya ushuru wa forodha na VAT, gari lililozidi miaka kumi linaongezewa ushuru wa uchakavu wa asilimia 30. Kenya ndiyo hawaruhusu kabisa kuingiza lililozidi miaka minane. Ndiyo maana magari kuukuu yaliyokwisha kuingia hayashuki bei kama watu wanavyodhani. Ningebaki na chaguo la kuongeza milioni tano au sita ninunue Surf ya mtu mwingine, na hedi ya mtu mwingine sijui imechemka mara ngapi. Ya kwangu angalau ugonjwa wake naujua kwa jina.

Ingekuwa 1KD ningefikiri mara mbili zaidi, kwa sababu nozeli za komoni reli zikianza kufa zinakufa na mshahara. Mwenye 1HZ, ile injini ya Land Cruiser isiyo na tabo, hata asipoteze muda kusoma, atengeneze tu.

Kuna uamuzi mwingine ambao hakuna anayeutaja kwa sababu haufanani na uamuzi: kuliacha uani “mpaka hela ipatikane”. Zamani kuliacha kulikuwa na gharama unayoiona, maana ada ya mwaka ya leseni ya gari ilikuwa ikihesabiwa hata likiwa juu ya mawe. Mwaka 2017 ada hiyo ilifutwa, madeni yakasamehewa, mzigo ukahamishiwa kwenye mafuta. Ilikuwa nafuu kubwa, lakini tangu hapo nyua za watu zimejaa magari yanayosubiri. Kusubiri nako kunaua. Maji yanajikusanya kwenye tanki, yanaingia kwenye pampu. Sili zinakauka. Panya wanapenda nyaya kuliko mahindi. Ukishindwa kuamua ndani ya miezi michache, uza kwa bei yoyote. Mwaka mmoja baadaye dalali atakupa nusu yake.

Mke wangu alikuwa upande wa kuuza na hoja zake zilikuwa nzito. Alisema tangu tulinunue, kila ada ya shule inapokaribia, gari nalo linakumbuka kuugua. Akasema pia dizeli siku hizi hata si rahisi kuliko petroli, na ni kweli: bei za EWURA, mamlaka inayodhibiti mafuta, hutoka Jumatano ya kwanza ya mwezi, na kuna miezi dizeli imekuwa juu. Ila dizeli ya sasa ni nzuri kuliko ile ya zamani. Waliokuwa na magari kabla ya 2011 wanakumbuka uchakachuaji, dizeli inatiwa mafuta ya taa kwa sababu taa ilikuwa rahisi, pampu zinakauka na kusagika maana mafuta ya taa hayalainishi. Serikali ikaanza kuweka vinasaba (alama za kutambulisha mafuta halali) kwenye mafuta mwaka 2010, mwaka uliofuata ikapandisha kodi ya mafuta ya taa, faida ya kuchanganya ikaisha. Salfa nayo ilishushwa Afrika Mashariki mwaka 2015. Hili gari limepita katika kipindi kile na pampu yake ya kwanza. Nilimwambia hivyo mke wangu. Hakuvutiwa.

Tukaamua kutengeneza, kwa sharti lake: fundi aonyeshe kilichosababisha, siyo kilichoharibika tu. Sharti hilo ndilo lililookoa pesa zetu.

Hedi ilipotoka, ufa haukuonekana. Fundi akaisugua mpaka ikang'aa, akaipaka dizeli, akaacha kidogo, akafuta kwa kitambaa kikavu, halafu akasaga chaki juu yake. Tukasubiri. Kati ya valvu mbili za silinda ya tatu kikajichora kistari cheusi, chembamba, dizeli iliyokuwa imejificha ndani ya ufa ikitoka kunywewa na chaki. Kingine kikatokea silinda ya pili. Kijana wake akasema zinachomeleka kwa argoni, anamjua mtu. Mzee akamtazama tu. Kuchomelea hedi kunawezekana, lakini katikati ya valvu, mahali penye moto kuliko pote, mimi siwezi kulipa fedha kwa majaribio.

Halafu akafungua nyumba ya themostati, ile valvu inayoachia maji yaende kwenye rejeta yakipata moto. Ilikuwa tupu. Mmoja wa waliotangulia, sijui nani na sijui lini, aliitoa, kama mafundi wengi wanavyofanya gari likichemsha: “Ondoa, huku kwetu joto, haina kazi.” Kwenye injini nyingi za Toyota themostati ina sahani ya chini inayofunga njia ya mkato pindi injini ikipata moto, ili maji yote yapite kwenye rejeta. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi. Sehemu ya maji inazunguka ndani ya injini bila kupoa. Kwenye tambarare ya Ruaha Mbuyuni hutahisi kitu. Ukianza kupanda Kitonga na mzigo, nyuma ya lori, tabo ikifanya kazi yake yote, hapo ndipo hesabu inapogoma.

Rejeta ilipokatwa ilikuwa na vijia vimeziba matope ya kutu, zawadi ya miaka ya maji ya bomba pasipo kulanti. Klachi ya feni, kiungo kinachozungusha feni ya rejeta, ilikuwa imechoka; injini ikiwa na moto uliweza kuizungusha kwa kidole, wakati ilipaswa kukaza. Vitu vitatu, na hakuna hata kimoja kilichokuwa kwenye ile milioni tatu na laki nne. Bili ikafika tatu na laki tisa. Ningefunga hedi mpya bila hivyo, ningerudi kwenye shimo lilelile kabla ya mavuno, na mtaa mzima ungesema 1KZ ni injini mbovu.

Nilisimama gereji siku ya kufunga. Bolti za hedi zinakazwa kwa mpangilio, kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa hatua, na kwa spana ya kupimia nguvu. Mzee hakuwa nayo, alituma mtu kwa fundi wa malori. Kijana akasema mkono wake unajua. Tulisubiri spana.

Geji ya joto ya kwenye dashibodi tuliiongezea nyingine ndogo, yenye namba, kwa sababu ile ya kiwandani imetengenezwa ikae katikati ili dereva asihangaike. Inapopanda, kazi imeshaharibika. Sasa Kitonga napanda kwa gia ya chini, AC nimezima, macho kwenye namba. Linapanda.

Na mke wangu tumeandikiana, kwa maneno ya kawaida tu kwenye daftari la matumizi. Rejeta, breki, matairi, hivyo ni vya kutengeneza bila kikao. Pampu ya dizeli ikifa, linauzwa lilivyo na mnunuzi anaambiwa, kwa sababu pampu ya 1KZ-TE inaongozwa na kompyuta, si kila fundi pampu anaiweza, na bei yake peke yake inakaribia hedi na rejeta kwa pamoja. Kila mwaka kabla ya mvua linaingizwa kwenye shimo, nyundo inapita. Siku nyundo ikizama, linachinjwa.

Shemeji, ambaye ndiye aliyepiga kelele kuliko wote kwamba ni skrepa, ameshauliza mara mbili kama hiyo pampu inasikika vizuri.